Masizi katika Birika

Maalim wetu alikuwa akionja maji kama mpishi anavyoonja mchuzi. Alichota kwa kata, akamimina kidogo kiganjani, akalamba, akafumba jicho moja, na sisi wanafunzi wake tukangoja hukumu. "Haya yamelala siku tano," alisema, au, "Hapa pana jani la mkungu." Hakuna aliyeweza kumthibitishia kwamba amekosea, kwa hiyo tuliamini. Mtaani alikuwa Maalim tu, na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo.

Msikiti wetu ulikuwa mdogo, kwenye mteremko wa Changamwe unaoangalia hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Yeye ndiye aliyeadhini, yeye ndiye aliyesalisha, yeye ndiye aliyesomesha watoto barazani, na yeye ndiye aliyelinda birika. Kazi hii ya mwisho aliipenda kuliko zote, na sidhani kama namsengenya nikisema hivyo. Visima vya mtaa vilikuwa na maji ya chumvi, ya kufulia na kuogea tu. Maji matamu yalikuwa ya mvua, nayo yalikusanywa kwenye paa la msikiti, paa bapa lililopakwa chokaa, yakapita kwenye mlizamu na kuingia katika birika chini ya ardhi. Wanaume walitawadhia. Sisi wanawake tuliruhusiwa kuchota ya kunywa baada ya alasiri, kwenye tundu la nje, mtungi mmoja kwa kila nyumba, na Maalim akisimama hapo na kata yake kama askari wa forodha.

Mvua ya kwanza ya masika haikuingia birikani. Hiyo ilikuwa ya kuosha paa. Maalim alipanda ngazi, akauziba mdomo wa mlizamu kwa makumbi ya nazi, na maji yote yakamwagika uani, meusi kwa vumbi la kaskazi na mavi ya kunguru. Mvua ya pili ikinyesha alizibua, na watu wakasikia maji yakianza kudondoka kule chini, nao wakafurahi kama wamepata mgeni. Ilikuwa mvua moja ya kuosha, si mbili. Ndivyo ilivyofanywa tangu msikiti kujengwa, na yeye hakuwa mtu wa kubadilisha jambo lililowekwa.

Hao kunguru ndio waliokuwa wakimtoa kwenye adabu zake. Sisi alitukataza kuapa, akatukataza kutukana, hata neno "mjinga" lilikuwa haramu mbele yake. Lakini kunguru akitua juu ya paa, Maalim alitoka barazani na teo lake la kurushia mawe mkononi, kanzu ameipandisha hadi magotini, na matusi yaliyomtoka siyaandiki. Kisha alirudi mkekani, akaketi, akasema, "Tulifika wapi?" Fimbo yake ya kusomeshea aliipigia mkeka, si sisi. Wazazi wengine walimlaumu kwa hilo, wakisema watoto hawataiva. Aliwajibu kwamba mkeka ndio unaosahau zaidi.

Neno akishalitoa, halirudi. Siku moja tulikuwa tukimpeleka bwana harusi kijiji cha pili, ng'ambo ya tope la hori, na Maalim akashika kwamba maji yamekupwa na tukikata moja kwa moja tutafika upesi. Wavuvi wawili walimwambia asijaribu. Aliwatazama kama wanafunzi wavivu, akaingia. Basi tukazama hadi magotini, harusi nzima, wapiga matari na wote, na mwenye siniya ya halua akaanguka nayo. Maalim yuko mbele kabisa, kanzu imekuwa rangi ya tope, anapiga kelele, "Tushafika! Mchanga uko hapo mbele!" Mchanga tuliukuta jua likikaribia kuzama. Kesho yake watu walipomtania barazani, alishangaa kwa dhati. "Kwani hamkufika?" akauliza.

Tulicheka sana siku hizo. Naieleza harusi ile ili ijulikane kwamba nilimpenda. Yatakayofuata yasisomwe kama maneno ya adui.

Mtambo wa umeme ulijengwa ukingoni mwa hori, chini yetu, miaka michache kabla ya Uhuru. Kwanza ilikatwa mikoko. Halafu dohani ikapanda, ndefu kuliko mnazi wowote, na meli zikaanza kuleta makaa ya mawe. Mume wangu alipata kazi ya kuyapakua na kuyasukuma kwenye vigari vya reli hadi tanurini. Alirudi nyumbani mweusi kote, macho na meno tu ndiyo yaliyobaki meupe, na maji ya kwanza ya kuoga yakitoka kama wino. Sitaki kujifanya mwema: unga wa nyumba yangu ulitoka kwenye makaa yale yale.

Jivu walilitupa pembezoni, likiwa bado na maji, kwenye mikoko iliyobaki. Mikoko ile ilisimama mwaka mzima bila jani hata moja kabla ya kuanza kuanguka. Kulikuwa na bomba kubwa lililomwaga maji ya moto horini, na hapo chini ndipo mimi na wanawake wenzangu tulipokuwa tukiokota chaza tangu utoto. Siku moja tuliteremka na vikapu vyetu tukawakuta wamekufa kwenye mizizi, wameachama, wananuka. Hatukupiga kelele. Tulirudi nyumbani na vikapu vitupu, na kila mmoja akatafuta kitoweo kingine.

Kutoka juu yalishuka masizi. Ukianika shuka nyeupe asubuhi, adhuhuri ina madoadoa. Watoto walikohoa. Chokaa ya msikiti iligeuka kijivu, na Maalim aliipaka upya kila Shaabani, ikageuka tena kabla ya Idi kwisha. Alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye.

Na bado, mtu huyu aliyekuwa akiilaani dohani kila akipanda ngazi, aliupenda umeme kama mtoto anavyopenda peremende. Baada ya magharibi hakuingia ndani mara moja. Alisimama kwenye ngazi za msikiti akitazama taa za mji wa kisiwani, ng'ambo ya hori, zikiwaka. Nyaya zilipita juu ya makuti yetu kwenda huko, na sisi tulibaki na koroboi. Nilimkuta hapo siku moja nikitoka kwa jirani. "Tazama, mwanangu," aliniambia, "mji mzima wawaka na kibiriti hakuna. Subhanallah." Nikamwambia, "Na masizi yake, Maalim?" "Masizi ni ya watu," akasema. "Nuru ni ya Mngu."

Siku zile barazani hapakuwa na mazungumzo mengine ila ya mwambao: pwani iwe na bendera yake au iingie pamoja na bara. Wanaume waligombana hadi kahawa ikapoa. Maalim hakushika upande. "Bendera yoyote itakayopanda," alisema, "moshi utaipaka." Walimcheka, wakarudi kwenye ugomvi wao.

Basi masika ya pili tangu mtambo kuwashwa, maji ya birika yalitoka na utando mweusi juu yake. Si mwingi. Ukiacha mtungi utulie, chini unakuta vumbi laini kama wanja. Wanawake tulinong'onezana, wanaume wakaulizana kama udhu wao unaswihi, na habari ikamfikia Maalim.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, alisimama akalizungumza. Sisi wanawake tulikaa nje, nyuma ya ukuta wa ua, tukamsikia vizuri. Alisema kwamba maji yakibadilika kwa kitu kinachoweza kuzuiliwa, hayo hayafai kutawadhia. Lakini yakibadilika kwa vumbi la angani, kwa majani, kwa kile ambacho mwanadamu hana uwezo wa kukiepuka, hubaki tohara. "Na hiyo dohani, nani kati yenu aweza kuizuia?" aliuliza. "Basi maji haya hayana neno. Kitabu ndicho kisemacho, si mimi."

Nilikuwa na mtoto mmoja, Mwanasha, wa miaka miwili. Alasiri ile nilipokwenda kuchota, moyo wangu haukutulia, nikangoja wenzangu waondoke.

"Maalim," nikamwambia, "ya kutawadha nimefahamu. Na ya kunywa je?"

Alicheka. Nakumbuka meno yake, yamekuwa mekundu kwa tambuu. "Mwanangu, maji wasimamiayo watu mbele ya Mola wao, wewe waona hayamfai mwanao?"

"Lakini yana weusi, Maalim. Wewe waziba mvua moja tu. Paa laoshwa leo, keshokutwa lishajaa masizi tena. Ziba na ya pili, ziba na ya tatu."

"Na birika nilijaze kwa mate? Mvua ngapi twapata? Nikizimwaga zote, mwezi wa Rajabu mtakuja kunililia hapa na mitungi yenu." Kisha akalainika, akachukua kipande cha melimeli, kitambaa chepesi cheupe, akakifunga kwenye mdomo wa mtungi wangu kwa mkono wake mwenyewe. "Chuja kwa hiki. Hayana neno, wallahi."

Hakuwa na kawaida ya kuapa. Nilipomsikia anaapa nikaona haya kwa kumsumbua mzee wa watu. Nikachota, nikaenda zangu.

Mwanasha alishikwa na tumbo katikati ya masika. Kwanza tulidhani ni meno. Nilimpa maji ya uji, nikampa dawa za nyumbani, na ili asikaukiwe nikamnywesha maji mengi kadiri alivyoweza kumeza, na maji yenyewe ni yale. Siku ya nne macho yalikuwa yamezama. Mume wangu aliacha zamu yake, tukampeleka hospitali kisiwani. Daktari aliuliza tunakunywa maji gani. Nilikuwa nayo kwenye chupa, ya njiani. Akayamimina kwenye gilasi, akaiweka dirishani, na baada ya muda akanionyesha kilichotuama chini. Hakunikaripia. Alisema tu, "Haya asinywe tena, na nyinyi msinywe." Mtoto wangu alifariki siku ya pili yake, asubuhi, mkono wake umeshika kidole changu.

Sitasema dohani ndiyo iliyomuua. Watoto walikufa mtaani kwetu kabla ya dohani, wa tumbo na wa homa, na masika hayo waliugua wengine watatu wakapona. Daktari mwenyewe hakuapa kwamba ni masizi. Ninalosema ni hili: nilitaka kuyaacha maji yale, na nikazuiwa na mtu niliyemwamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu. Hilo nalijua, na halikuniacha nilale kwa miaka.

Maji ya kumwoshea yalitoka birikani vilevile, kwa sababu hatukuwa na mengine. Maalim ndiye aliyemsalia. Waliokuwepo waliniambia kwamba takbiri ya tatu ilichelewa kumtoka, hata watu wakadhani amesahau.

Mimi nilingoja neno moja tu. Nilingoja Ijumaa iliyofuata, nikakaa nyuma ya ukuta na leso zangu za msiba, nikisubiri asimame aseme, "Nilikosea." Maana si mimi peke yangu niliyekuwa nikichota, nyumba zote zilikuwa zikinywa kwa neno lake. Alisimama, akatukumbusha subira. Laiti nisingekuwa kwenye ua wa msikiti ningemvua kilemba. Nilingoja na Ijumaa ya pili. Kisha nikaacha kwenda.

Baada ya siku chache tundu la nje la birika lilikutwa na kufuli. Hakueleza kwa nini, na aliyemuuliza aliambiwa lina ufa. Tukaanza kwenda na ndoo zetu hadi kwenye bomba la landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Wengine walimnung'unikia kwa kuwanyima maji ya karibu. Hata hapo hakusema. Aliacha watu wamdhanie uchoyo, na mimi nikamwona ni mwoga. Tukikutana njiani yeye aligeukia uchochoroni. Kanzu yake niliijua kwa mbali, na siku nyingine nilitembea haraka makusudi ili nimkute kabla hajageuka. Sikuwahi kumpata.

Uhuru ulikuja, bendera ikapanda. Mume wangu aliacha kazi ya makaa kwa sababu ya kifua, akapata ulinzi wa godauni. Nikajifungua wana wengine. Maalim alishindwa na ngazi za paa, miguu ikamvimba, na bintiye akaja kumchukua akae naye Kisauni. Aliondoka bila kuniaga.

Yapata mwaka mmoja baadaye nilikwenda Kisauni kwenye hitima ya shangazi yangu. Tukiwa tunaosha vyombo, bintiye Maalim alinijia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba yuwakuuliza kila akija mtu wa kwenu. Nenda ukamwone, dada. Hana siku nyingi."

Nilikwenda kwa hasira, si kwa huruma. Nilimkuta amelazwa kitanda cha kamba ukumbini, amekuwa mdogo kama aliyekaushwa.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mama Mwanasha."

Maisha yangu yote alikuwa akiniita mwanangu. Nilikaa chini kwenye mkeka.

Binti alileta chai, akaanza kunishtakia baba yake kama watu wanavyowashtaki wazee wao mbele ya wageni. Uani kwao palikuwa na bomba, maji masafi ya serikali, lakini mzee hayataki. Kila wiki mumewe, anayefanya kazi bandarini, hulazimika kupita Changamwe na baiskeli, afungue kufuli kwa ufunguo wa mzee, ajaze dumu kutoka birikani, alibebe mpaka Kisauni. "Tumbo lamuuma daima," akasema. "Daktari amemwambia, sisi twamwambia, hasikii. Ati hayo ndiyo maji yake. Tangu alipolifunga lile birika hajatia mengine mdomoni."

Niliona dumu lenyewe, pembeni ya kitanda, na kikombe cha bati juu yake. Binti akaitwa jikoni, tukabaki wawili.

"Kwa nini, Maalim?"

"N'lowapa watu ndiyo nnywayo," akasema. "Niliapa hayana neno. Basi kama hayana neno, na mimi yasinidhuru. Na kama yana neno, ni haki yangu."

"Ungalisema ulikosea. Ungalisimama siku moja tu, ukaniomba radhi, yakaisha."

"N'liogopa."

"Uliogopa watu watakucheka?"

"N'liogopa utanipa," alisema Maalim. "Wewe una moyo mwepesi tangu u mtoto. Ungenipa radhi siku ile ile, nami sikustahiki."

Nikalia mbele yake, kilio cha hasira, leso mdomoni ili jikoni wasisikie. Miaka yote ile nilidhani amesahau. Kumbe tulikuwa wawili tunaokesha na mtoto mmoja, kila mtu nyumbani kwake, na yeye anajiua kidogo kidogo kwa kikombe cha bati, na wala hakuna linalopungua kwangu kwa kuumwa kwake. Mkaidi alikuwa mkaidi hata katika toba.

Niliinuka, nikalichukua lile dumu, nikatoka nalo uani. "Usiyamwage!" aliniita kutoka ndani, sauti ya adhana imempotea, imebaki ya mgonjwa. Niliyamwaga yote mchangani, yakaacha alama ya kijivu. Nikasuuza kikombe, nikakinga maji ya bomba, nikarudi nikamwinua kichwa.

"Sijakusamehe," nikamwambia. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na wewe utajua. Lakini nataka kukusamehe, na sitaki kusamehe kaburi. Kunywa haya, uishi, mpaka nitakapoweza."

Maalim akasema, "Labeka, mama," kama mwanafunzi anayeitikia, akanywa.

Nilirudi Changamwe. Siku zikapita, nikaona hasira inapungua bila mimi kuisukuma, na ilipofika Shaabani nilijua kwamba radhi ipo, imekamilika, naweza kumpa bila ya uongo. Nikasema nitampelekea siku ya Idi, niende na watoto awaone, nivae nguo mpya, iwe siku ya furaha kwetu sote. Alifariki Ramadhani ya ishirini.

Mkwewe ndiye aliyeniletea habari, amesimama mlangoni na baiskeli yake. Nilimuuliza kama mzee alirudia tena maji ya birika. Akasema hapana, alikunywa ya bomba mpaka siku ya mwisho, na kila akimaliza kikombe alikuwa akiuliza kama mimi nimekuja.